Kikohozi Nilichokitafuta Wodini

Wiki sita za kwanza za kuvaa koti jeupe nilikufa mara nne. Mara ya kwanza niliuawa na kidole tumbo, tukiwa wodi ya upasuaji, ikabainika kuwa ni viazi karai nilivyokula kwa pupa kabla ya kuanza kazi. Mara ya pili ulikuwa uvimbe wa ubongo, nao ukapona siku niliyonunua miwani. Ya tatu ilikuwa moyo. Ya nne ukoma, kwa sababu ya baka moja mkononi lililotoka nilipooga. Maradhi yoyote niliyofundishwa Jumatatu, kufikia Alhamisi nilikuwa nayo. Nasikia wanafunzi wengi wa udaktari hupitia hayo wanapoanza kuingia wodini, lakini mimi nilikuwa na kipaji.

Naitwa Rukia. Kwetu ni Malindi, lakini hospitali tuliyopangiwa mwaka ule iko Kilifi, kwa hiyo nilipanga chumba huko pamoja na Kadzo, mwanafunzi mwenzangu kutoka Jilore. Kadzo ni mtu wa maneno machache na macho makali. Asubuhi akinikuta nimejishika mahali, huniuliza, "Haya daktari, leo tunaumwa nini?" Nayaandika haya kwa sababu nimepona, na kwa sababu kuna mtu mahali fulani atakayepewa leo habari niliyopewa mimi, adhani ndio mwisho wake. Si mwisho. Ni miezi sita ya vidonge na aibu ndogo ndogo, na nyingi ya aibu hizo baadaye utazicheka.

Basi maradhi ya kweli yalipokuja, hakuna aliyeyaamini, na mimi wa kwanza. Nilikuwa nimeshazoea kufa kwa makelele. Haya yalikuja kimya kimya, kikohozi kikavu cha asubuhi, nikasema ni vumbi, halafu nikasema ni feni. Usiku nilitoka jasho mpaka nageuza mto, lakini kutoka jasho Kilifi wakati wa kaskazi si dalili, ni desturi. Kisha Ramadhani ikaingia, nikakonda, na nani asiyekonda mwezi ule? Nilipokwenda Malindi kwa Idi, shangazi zangu walinizungusha sebuleni wakinisifu kiuno. Nami nikajisifu. Sketi niliyokuwa nikiifunga kwa kuvuta pumzi sasa ilinishuka nikitembea, nikamshukuru Mungu kwa hilo.

Mvua za masika zilipoanza kunyesha, tukaanza somo la kifua. Mwalimu wetu, Daktari Mutua, ni mtu mrefu, mpole, anayeuliza maswali kwa sauti ya chini ili uaibike taratibu. Alitwambia kabla hatujawagusa wagonjwa tujifunze kwanza kwa wenzetu. Tukagawana wawili wawili, Kadzo akaweka kifaa chake mgongoni mwangu.

"Vuta pumzi," akasema. Nikavuta. "Vuta tena."

"Nimevuta, Kadzo. Nisije nikaimaliza."

"Kuna kitu kinatatarika huku juu. Kama chumvi kwenye kikaango cha moto."

"Ni kifaa chako kibovu."

"Ni kifua chako," akasema, akaenda kumwita Daktari Mutua.

Daktari Mutua alisikiliza kwa muda mrefu. Kisha akafungua madirisha yote mawili, akanipa barakoa, akawaambia wenzangu nao wavae. Nilijua maana ya madirisha. Niliketi kwenye kiti kilichokuwa karibu. Yeye, labda kwa kuniona hivyo, akaniambia kwa ile sauti yake ya chini, "Haya daktari, tupe historia ya mgonjwa huyu."

Nikasimama wima, nikatoa historia yangu mwenyewe kana kwamba ni ya mtu mwingine. Nakiri kwamba nilifurahia.

"Mgonjwa ni mwanamke wa miaka ishirini na mitatu, mwanafunzi. Amekohoa kwa wiki saba."

"Wiki saba. Na hakwenda hospitali?"

"Alikuwa hospitali kila siku, daktari."

Kadzo akaangalia dari.

"Anaishi na mtu yeyote anayekohoa?"

"Hapana," nikajibu bila kufikiri. "Ni wazi kwamba ameambukizwa kazini, wodini." Nililitamka lile neno kazini kwa fahari, kama mtu aliyejeruhiwa vitani. Kumbe hata ugonjwa mtu huweza kuutafutia cheo.

Nikapewa kikopo cha makohozi na kuelekezwa kwenye benchi lililo nje, chini ya paa la mabati, ambako wenye kikohozi huketi upepo ukipita. Wiki iliyotangulia nilipita hapo na faili kwapani nikiwaambia watu wakae mbalimbali. Sasa walisogea wanipe nafasi. Mzee mmoja wa Kigiriama, mwenye kofia ya kitambaa, alinitazama kwa huruma. "Daktari, hata wewe uko foleni yetu?" Nikamwambia hata mimi. Nikatema mate kwenye kikopo, akatikisa kichwa. "Hayo ni mate, mwanangu. Watayarudisha. Vuta pumzi mpaka tumboni, zuia, kisha kohoa kama unayemfukuza mbuzi kwenye mahindi." Nilifanya hivyo na yakatoka. Miaka mitatu ya darasani hakuna aliyenifundisha hilo.

Majibu yalitoka siku ile ile. Kifua kikuu. Daktari Mutua alinipa ruhusa ya miezi miwili, akanihakikishia sitapoteza mwaka, akaniandikia barua ya kwenda nayo kliniki ya Malindi. Nilitoka nje nikampigia mama. Nilitaka aniambie pole, nilie.

"Mama, ni TB."

Nilimsikia akifunga mlango wa jikoni. Kisha, "Nani mwingine anajua?"

Msimlaumu mama. Yeye ni mpishi wa harusi. Malindi nzima, mtu akioza binti yake, sufuria la biriani husimamiwa na mama yangu, na baba yangu akiwa ameshatangulia mbele ya haki, ni sufuria hilo lililonipeleka chuo. Nani atakula biriani la nyumba yenye kifua? Hivyo alinipokea stendi na buibui lake limeshuka mpaka machoni, akanipeleka nyumbani kwa njia ya nyuma, na tangu siku hiyo nikawa na "homa iliyojirudia."

Kliniki ya kifua Malindi inaendeshwa na Bwana Charo, mtu mfupi aliyekwisha kusikia kila udhuru duniani. Alinieleza kwamba ni vidonge vinne kila asubuhi, miezi miwili kwanza, halafu miezi minne ya dawa nyingine, na nyumbani pawe na mtu wa kunisimamia nikimeza, anione kwa macho yake. Mama akaandikwa. Mama akapimwa, hakuwa nayo.

"Na mkojo utakuwa rangi ya chungwa," Bwana Charo akasema.

"Najua."

"Unajua, lakini utashtuka vile vile."

Nilishtuka vile vile. Asubuhi ya pili nilitoka chooni mbio nikitafuta wa kumwambia, nikakumbuka kwamba hakuna anayeruhusiwa kujua.

"Na wengine wa nyumbani?" Bwana Charo alikuwa ameuliza. "Kila mnayelala naye chini ya paa moja aje." Mama alijibu kwamba wengine watakuja. Wengine hao walikuwa mtu mmoja, Bibi, mama yake mama, na mama hakuwa na nia ya kumwambia. "Bibi yako akijua saa nne," alisema njiani, "Malindi itajua kabla ya adhuhuri."

Mimi na Bibi tumelala chumba kimoja tangu nilipoachishwa ziwa. Kwa utani wa bibi na mjukuu huniita mke mwenzangu, na mimi humwambia mume wetu hana maana. Sasa mama alikihamishia kitanda cha Bibi ukumbini akisema nina mtihani. Bibi alisimama mlangoni na mto wake mkononi.

"Mtihani gani huu," akauliza, "wa kufukuza watu na kuacha dirisha wazi mvua ikinyesha?"

Kutoka chumbani, nikiwa sina la kufanya ila kusikiliza, nilianza kumsikia akikohoa. Kho, kimya. Kho kho, kimya. Nilijiambia, nimemwambukiza Bibi. Nimekuja kwa Idi na tabasamu langu na kiuno changu, nikamwambukiza bibi yangu. Ana miaka sabini na kitu, na bangili yake ya fedha, ambayo zamani ilikuwa haitoki ila kwa sabuni, sasa alikuwa akiisukuma juu ya kiwiko isidondoke. Nilimwambia mama lazima Bibi apimwe wiki hii. Mama akasema tungoje harusi ya Ijumaa ipite. Ikapita, ikaja nyingine.

Wakati huohuo wageni nao walianza kuja. Kwetu mgonjwa ni haki ya mtaa. Ukisikika unaumwa, watu lazima waje wakutazame, waketi, walete uji kwenye chupa ya chai, wakueleze habari za mtu aliyeumwa kama wewe akafa. Mama aliwapokea kizingitini.

"Amelala," humwambia Bi Tima, jirani yetu wa ukuta mmoja.

"Saa nne ya asubuhi?"

"Homa humchosha."

Bi Tima huikabidhi chupa yake, lakini macho yake yameshapita juu ya bega la mama mpaka uani. Na uani alikuwa akiona nini? Vile vidonge vilikuwa vinanitapisha. Kila asubuhi baada ya kumeza niliinama juu ya ndoo. Mdomo wangu ulikuwa na ladha ya sarafu, kitu pekee kilichoiondoa ni achari ya embe, nikawa nakula achari kwa kijiko, nimeketi kwenye kigoda, nimejifunga leso kifuani. Mwanamwali aliyeacha chuo ghafla, amefichwa na mamake, anatapika asubuhi, anakula achari. Hata ningekuwa mimi ndiye Bi Tima, ningehesabu miezi.

Bibi aliniita Jumatano moja mama alipokwenda sokoni. Aliketi kitandani kwake ukumbini, ameshika tasbihi. Nilivaa barakoa, nikakaa mbali, karibu na mlango.

"Sogea."

"Nasikia nikiwa hapa, Bibi."

"Mke mwenzangu," akasema, na sauti ilikuwa inamtetemeka, "mimi si wa kukupiga. Mimi nataka jina tu. Ni mwana wa nani?"

"Mwana gani, Bibi?"

"Usinifanye mjinga. Ni mwanafunzi mwenzio? Ni daktari? Akiwa daktari afadhali, tutazungumza na watu wake. Ana mke?"

Ndipo nilipofahamu, na nikacheka mpaka nikakohoa, nikakohoa mpaka nikalia. Nikamwambia. Sikuweza kungoja harusi nyingine. Nikamwambia si mimba, Bibi, ni kifua kikuu.

Alinitazama. Akashusha pumzi ndefu, akainua mikono yake yote miwili. "Alhamdulillahi," akasema. "Alhamdulillahi rabbil alamin."

"Bibi, nimekwambia ni kifua kikuu."

"Nimesikia. Kifua kina dawa. Hilo jingine lingetaka mahari au lingetaka tuhame mtaa."

Mama aliporudi na kikapu chake alikutana na mama yake mzazi amesimama katikati ya ukumbi. "Mficha maradhi, Maimuna," Bibi akaanza, na mama akamaliza mwenyewe methali yote kimoyomoyo, kwa jinsi uso wake ulivyobadilika. Lakini hakufedheheka kwa kuficha TB. Kilichomwasha ni ile mimba ya uvumi aliyotajiwa na Bibi. Aliuliza mara tatu ni nani aliyesema mimba. Kisha akaingia chumbani, akatoka na bahasha ya picha yangu ya eksirei, akasimama uani na kumwita Bi Tima kwa sauti ambayo kwa kawaida huitumia kuitisha kuni.

Bi Tima alikuja na wanawake wengine watatu, waliokuwa tayari wamevaa buibui, kwa bahati tu. Mama akaiinua picha juani.

"Mwanangu ana kifua kikuu," akatangaza. "Kikuu kabisa. Kimeonekana kwa mashine. Haya tazameni, yuko wapi mtoto hapa?"

"Mama, hiyo ni picha ya kifua," nikasema nyuma ya barakoa. "Mtoto hakai kwenye—"

"Nyamaza."

Wanawake wanne waliikagua ile picha kwa makini, wakifuatisha mbavu zangu kwa vidole. Bi Tima alikuwa wa mwisho kuinua kichwa. "Kweli," akasema kwa masikitiko, "hamna mtoto." Halafu akasema kwa sauti nyingine, "Huyu kijana wangu wa mwisho naye anakohoa tangu mfungo. Hiyo kliniki inafunguliwa saa ngapi?"

Na biriani? Harusi mbili zilimwacha mama, hilo sitalificha, na nilimsikia akilia jikoni. Harusi ya tatu ilikuwa ya nyumbani kwa Bi Tima mwenyewe, na Bi Tima alikula mbele ya watu wote sahani mbili. Tangu siku hiyo hakuna aliyeuliza tena. Mambo mengine hayatibiwi na daktari.

Aliyebaki ni Bibi. Alikuwa amefurahi kwamba sina mimba, amejiteua msimamizi wangu wa dawa badala ya mama, na ananikagua chini ya ulimi kila asubuhi kama askari wa forodha. Lakini kwenda kupimwa mwenyewe hataki.

"Mimi kikohozi changu ni cha uzee," akasema. "Nimekizoea."

"Uzee haukohoi, Bibi."

"Wangu unakohoa."

Nilimbembeleza kwa wiki nzima. Nilimweleza kila nilichosoma. Siku ya saba akaniambia kisa ambacho hata mama hakukijua sawasawa, kwamba alikuwa na dada, Mwanaisha, aliyechukuliwa kupelekwa hospitali kwa kifua wakati Bibi ni msichana mdogo, na kilichorudi ni leso zake tu. Alikieleza haraka haraka huku akikunja nguo, asinitazame. Nilimwambia wakati ule ulikuwa mwingine. Akasema ndivyo na yeye alivyoambiwa na watu wazima wakati ule.

Nikaona maneno yameniishia. Asubuhi iliyofuata aliniletea vidonge vyangu na kikombe cha maji, akaketi mbele yangu kusimamia. Nikaviweka mezani.

"Simezi," nikasema.

"Unasema nini?"

"Wewe ukipima, nitameza. Usipopima, simezi. Na Bwana Charo amesema nikikatiza dawa maradhi yatarudi makali zaidi."

Bibi akanitazama, akavitazama vidonge. Saa tatu ikapita, saa nne. Mama alichungulia, akaona sura zetu, akarudi jikoni. Saa tano Bibi akasema nina kichwa kigumu kama cha babu yangu. Nikamwambia mume wetu alikuwa na maana kumbe. Hakucheka. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa kuliko yeye. Sikuwa na hakika kwamba ningekuwa na ujasiri wa kukosa dozi. Mwadhini alipoanza adhana ya adhuhuri, Bibi alifuta macho kwa ncha ya leso.

"Lete hicho kikopo," akasema. "Na wewe meza, mwanakharamu."

Nilimeza. Nikamfundisha habari ya mbuzi kwenye mahindi, akakohoa vizuri kuliko mimi.

Alikuwa nayo. Bwana Charo aliitundika picha yake kwenye kioo chenye taa, na kwa mara ya kwanza sikuhitaji kuelezwa. Juu, upande wa kulia, palikuwa na shimo ambalo ningeweza kulifunika kwa ndimu.

"Nimemwambukiza," nikasema. "Ni mimi niliyemletea kutoka wodini."

Bwana Charo alivua miwani. "Daktari, wewe umeugua miezi mingapi? Mitatu? Tazama kingo za shimo hili. Hili si la miezi mitatu. Bibi yako alikuwa anakohoa kabla wewe hujavaa hilo koti."

Nilihesabu. Likizo yote kabla ya kwenda Kilifi nilikuwa Malindi, nimelala hatua mbili kutoka kitanda chake. Daktari Mutua aliponiuliza kama mgonjwa anaishi na mtu anayekohoa, nilisema hapana, na sikuwa nadanganya. Nilikuwa nimevishuku vifua vya watu thelathini nisiowajua hata majina, na cha Bibi hakikuwahi kunipitia akilini kwamba ni kifua.

Dawa zilimwangusha kwanza. Wiki ya pili alikuwa hali chakula, wiki ya tatu macho yake yakawa ya njano, akalazwa. Siku tisa nilikaa upande wa pili wa kitanda, ule upande wa ndugu wa mgonjwa, wenye kiti cha plastiki na kungoja. Sijawahi kuogopa vile. Nilijua kila neno lililoandikwa kwenye faili lake na hakuna hata moja lililonisaidia kitu. Wanafunzi wa udaktari, si wa chuo chetu, walikuja asubuhi wakazunguka kitanda, wakazungumza Kiingereza juu ya kichwa chake, mmoja akimpima huku anaangalia saa ya chakula.

"Wanasema nini hawa watoto?" Bibi akaniuliza kwa sauti ambayo wote waliisikia.

"Wanasema ini lako limechoka, Bibi."

"Na wao wamechoka? Mbona hata shikamoo hawana?"

Wakaitoa, saba kwa mpigo, wameona haya. Nami niliona haya kuliko wao, kwa kuwa nilijikumbuka. Siku ya kumi akaomba mkate wa sinia. Mama aliupika usiku huohuo, na Bibi alikula vipande viwili, akalalamika kwamba sukari imezidi, na hapo mama alitoka nje kwenye ukumbi wa hospitali akakaa chini na kulia kwa furaha.

Walimpa dawa upya, moja moja, taratibu. Mimi nilirudi Kilifi kusi ikiwa imeshika, na usimamizi ukahamia kwenye simu. Kila saa moja asubuhi Bibi alinipigia kwa video, na nilichokiona kilikuwa paji lake la uso tu. "Fungua mdomo. Inua ulimi. Geuka upande wa mwangaza." Nilifanya hayo yote mbele ya mlango wa wodi, Kadzo ameshika simu, wauguzi wanapita. Kisha ilikuwa zamu yangu kumtazama yeye akimeza, na Kadzo, mtu wa maneno machache, akimpigia makofi. Nilimaliza dawa zangu kabla ya mvua za vuli. Yeye alimaliza embe za ngowe zilipojaa sokoni, na bangili ilikuwa imekwama tena juu ya kiganja.

Ukiwa umepewa vidonge leo, vimeze. Achari inasaidia. Mwambie mtu, hata mtaa wote, maana watakachokibuni wao ni kibaya zaidi. Na ukishamaliza kujisikiliza mwenyewe, wasikilize walio nyumbani kwako, hasa wale uliowazoea.

Siku Bibi alipopewa cheti cha kumaliza tulirudi nyumbani tukala, tukaenda kujinyoosha chumbani kwetu, vitanda vyetu mahali pake pa zamani. Nilimuuliza jambo ambalo nilikuwa nimelikwepa kwa miezi: kikohozi chake kilianza lini hasa.

"Ulipokuwa ukisomea ule mtihani wako wa mwaka wa tatu," akasema.

"Bibi, ule mtihani nilisomea humu humu. Usiku kucha nilikuwa nimekaa pale. Mbona sikukusikia?"

"Nilikuwa nakoholea kwenye mto."

"Kwa nini?"

Alinishangaa kweli, kama mtu aliyeulizwa kwa nini huvaa viatu. "Ulikuwa unasoma, mke mwenzangu."

Aligeukia ukutani akalala. Sasa kila nikiwa Malindi, adhuhuri tukijilaza, akikohoa hata mara moja mimi nimeshaketi.

"Lala," huniambia bila kufumbua macho. "Ni mate yamenipalia."

Silali. Hukaa pale pale nikimsikiliza, mpaka nimsikie anakoroma.